Nyambura Alichekeshwa na Nini

Nakumbuka siku moja pale mtaa wa Al Thumama, mwanangu, na nikiikumbuka hata sasa moyo unanidunda kwa furaha. Nilikuwa msichana mgeni hapa Doha, nikimtunza mama mzee Mmarekani aliyekuja kukaa na mwanawe. Alikuwa mkimya mno. Nikamuuliza swali ambalo kwetu Nyeri huulizwa hata mtoto: "Nyanya, jina lako Harieti ulirithi kwa nani?"

Kumbe nimefungua bomba! Alirithi kwa nyanya yake, mwanamke wa karne ya kumi na tisa. Familia ilipokuwa ikihamia magharibi kutafuta shamba, mume aliugua njiani. Harieti yule wa kwanza akamlaza ndani ya gari la farasi, akashika hatamu mwenyewe, watoto wamejazana nyuma. Huko walikohamia, theluji ikiziba mlango walitokea dirishani. Wanawe wa kiume aliwafundisha kufuma soksi. Majirani walipocheka, akawaambia baridi haichagui mwanamume. Na siku ng'ombe alipoitafuna kofia yake ya kanisani, alicheka hadi akakaa chini. Mimi nasikiliza, wali unaungua jikoni, wala sijali.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Nyambura. Jina la mama yake mama. Alikuwa mkulima."

Akanikazia macho. "Binti, wote walikuwa wakulima. Huyu wako alichekeshwa na nini?"

Sikujua. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuwa nimeuliza hata siku moja. Nikaona haya.

"Jumamosi narudi kwetu," akasema, "na kwa umri huu sitakuja tena. Usiniache niondoke bila kumjua."

Ijumaa nikakimbilia mtaa wa Al Sadd kwenye vibanda vya simu, nikapiga kwa jirani yetu kule Nyeri, mama akaitwa. Nikamuuliza. Nikasikia mkwaruzo, nikadhani laini imekatika, kumbe anacheka. "Kila ukipiga unaniuliza mvua," akasema. "Nilidhani hutaniuliza hilo kamwe."

Nyambura, mwanangu, alikuwa fundi wa kuiga watu! Siku moja mtoni alikuwa akiiga mwendo wa chifu, wanawake wamemwaga maji kwa kicheko, ghafla wakanyamaza. Chifu mwenyewe yuko nyuma yake. Akamwambia, "Mguu wa kushoto umekosea," akamwonyesha.

Nilirudi mbio. Katikati ya masanduku yaliyofungwa nikamwigia Nyanya mwendo wa chifu, naye akacheka hadi machozi, akataka nirudie. Aliondoka anamjua.

Mama alifariki kabla sijapata likizo yangu ya kwanza. Karibu yote niyajuayo ya ukoo wetu niliyapata kwenye simu za miezi ile, maana baada ya siku hiyo sikuacha kuuliza.

Mwacha asili ni mtumwa, na asili haikai kwenye jina tu. Wewe simu iko mfukoni. Leo ukipiga nyumbani, ukishauliza afya na mvua, usikate. Uliza aliyekupa jina alipenda nini, aliogopa nini, alicheka vipi. Mungu akujalie akupokee anayejua, na akupe subira ya kumsikiliza mpaka amalize.