Siku Mkwe Wangu Alipovua Bunju

Mie kicheko changu hakina breki. Nikianza nimeanza, machozi yananitoka, magoti yanalegea mpaka nitafute pa kukaa. Sasa mtu wa namna hiyo umkalishe ukingoni mwa maji asubuhi nzima na baba wa mchumba wa binti yake, halafu umwambie asicheke. Ndivyo alivyonifanyia mke wangu.

"Leo yule siyo mtani wako," kanishika kola hapo mlangoni. "Leo ni mkwe. Mchana tunapanga siku ya ndoa. Ukileta utani wako wa Kizaramo mtoto atabaki humu ndani, na chakula utampikia wewe."

Shida ni kwamba mzee mwenyewe ni Msukuma, na Wazaramo na Wasukuma ni watani toka enzi za mababu. Mtani unamwambia lolote. Hata msibani kwake unaweza kuingia kaburini ukagoma kutoka, na wafiwa wakacheka. Mkwe naye ni heshima tupu, hata kumkazia macho huwezi. Mtu mmoja awe vyote viwili! Ni kama kuwekewa pilau mbele yako ukaambiwa unuse tu.

Kuvua alitaka yeye. Kakulia ziwani, huko Mwanza, siku hizi anakaa Tabata. Aliposikia mie niko Mtoni Kijichi na maji yako nyuma ya nyumba, akasema kitoweo cha siku hiyo tukakitafute wenyewe, wazee wawili. Binti yangu akafurahi, mchumba wake akafurahi, mke wangu akaanza kuomba dua.

Akaja na mwanzi mrefu kuliko mlango wangu, boya la kipande cha ndala, na kopo la maziwa limejaa udongo na nyungunyungu. Nyungunyungu! Kwenye maji ya chumvi! Nikajiuma shavu kwa ndani.

"Mashallah, mkwe. Umejiandaa."

"Hivi ndivyo vilivyonilelea watoto, mkwe."

Sie wa huku fimbo hatuna habari nayo. Mshipi tunauzungushia kwenye chupa ya plastiki, mwisho wake ndoana, juu kidogo tunafunga chubwi, yaani kile kizito cha kuuzamisha. Chubwi langu mie ni plagi ya bodaboda iliyokufa, ikinasa kwenye mizizi ya mikoko silii, kwa fundi zimejaa. (Fundi wetu wa pikipiki ana vituko huyo, alishawahi kufungua injini ya mtu akasahau kuirudisha, lakini tuachane naye.) Chambo ni kamba mbichi. Unampitisha ndoana toka mkiani ili ajikunje kama alivyokuwa hai. Maji yakianza kujaa, changu wanaingia kwenye mikoko kutafuta kaa wadogo. Hapo unaushika mshipi kwa kidole cha shahada unasikiliza. Akidonoa, muache. Akidonoa tena, muache. Akivuta kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake sokoni, ndipo unampa mkono mmoja wa ghafla.

Nikataka kumweleza hayo, nikaona nitakuwa namfundisha mkwe. Nikafyata.

Akarusha. Kule ziwani boya linatulia. Hapa lilikwenda na mkondo mbio kama limeitwa, likazunguka mkoko, likarudi na ndoana yake ikaja kunasa shati langu mgongoni.

"Samahani, mkwe."

"Hamna neno, mkwe."

Na mie nisijifanye bingwa. Mshipi wangu ukawa mzito, nikapiga kelele, "Chewa huyo! Chewa!" Nikavuta, nikavuta, ikatoka suruali ya jinzi, nzima, na mkanda wake. Mkwe akaitazama suruali, akatazama mbinguni. Mabega yanamtikisika.

"Kubwa," akasema taratibu.

Mara boya lake likazama. Akainua mwanzi, akatoka samaki mnene, mfupi, meno ya sungura. Bunju. Bunju anakula chochote, hata hiyo ndala. Akamshika tumboni kwa mikono miwili, na bunju akishikwa tumboni unajua mambo yake. Akaanza kuvimba. Akavimba, akavimba, akawa mpira wenye macho.

"Mkwe!" Mzee wa watu uso unang'aa. "Huyu jike, amejaa mayai! Mayai tutamtengea bibi harusi."

Bunju ni sumu, na hayo mayai ndiyo sumu yenyewe, na bibi harusi ndiye mwanangu. Lakini utamwambiaje mkwe kwamba samaki wake wa kwanza ni wa kuulia watu?

"Mkwe," nikasema kwa adabu, "huyo haliwi."

"Kwa mila zenu?"

"Kwa mila za mtu yeyote anayetaka kuiona kesho. Ana sumu, mkwe."

Akamsogeza usoni amwone vizuri. Bunju akamtemea maji yote aliyoyameza, pwaa! puani, machoni, kwenye kofia, halafu akasinyaa kama puto.

Basi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Nacheka huku najisema, ndoa imekwenda, mtoto wangu nimemponza, na kicheko hakikomi.

Mkwe kasimama, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Mke wangu," akasema, "alinikataza asubuhi nisikutanie, eti mtoto hataoa. Nimevumilia toka ile suruali! Mzaramo gani wewe? Babu zako wamezaliwa humu, unatoa jinzi!"

"Na wewe Msukuma na minyoo yako, umekuja kuvua au kupanda mihogo?"

Akakaa topeni na yeye. Tulitukanana pale mpaka mbavu zikauma. Halafu nikampa mshipi wangu na kamba mbichi, nikamwonyesha kidole cha shahada, akatoa changu, akatoa na mwingine. Tukarudi nyuso tumezikunja kama tumetoka mazikoni. Wake zetu wakauliza imekuwaje. "Heshima tupu," akajibu mkwe, na tope mpaka shingoni. Siku ya ndoa ikapangwa kabla sahani hazijaondolewa.

Siku yenyewe ikafika. Nimeshika mkono wa bwana harusi, watu kimya, nafungua mdomo niseme nimekuozesha binti yangu. Nikainua macho. Nyuma ya mwanawe, mkwe wangu kajaza mashavu upepo, macho kayatoa, anavimba taratibu.

Sauti ikanikatika, machozi yakanitiririka, mabega yanaruka. Shehe akanipa leso, akaniambia nijikaze, kumtoa binti ni kazi. Kina mama nyuma ya pazia wakaanza kunililia. Mke wangu peke yake ndiye aliyepenyeza mkono chini ya pazia akanifinya.