Kidole Kwenye Hariri

Dadangu mkubwa hakuwahi kuchapa mtandio bila kuuchafua. Tulifanya kazi pamoja katika chumba cha nyuma, mtaani West Indies: mimi natia hariri rangi kwenye karai, ikikauka yeye anaitandaza mezani, anaweka fremu ya wavu juu yake na kusukuma rangi ya pili kwa raba mpaka vibuyu vya maziwa vinatokea vimejipanga. Kazi safi kabisa. Halafu anakiinua kitambaa kwa kidole gumba kilicholowa rangi, na pembeni panabaki alama.

"We mwanamke, kwani huoni?" nilikuwa namfokea. "Nani atanunua kitu kichafu?"

"Huo si uchafu. Ni mimi," ananijibu, anacheka.

Sikuwa na wakati wa kucheka. Nilikuwa nachukua makasi, nakata ile pembe na kushona upindo upya, huku nanung'unika.

Mtandio wa mwisho alimchapia Mama, wa kwenda nao kanisani. Wa manjano, vibuyu vya kijani. Aliutundika kwenye kamba, akaniambia, "Kesho tuupike kwa mvuke," akaenda kulala na kikohozi chake. Kesho yake tukampeleka hospitali, na hakurudi. Homa ya mapafu, wakasema. Woi, dadangu.

Baada ya mazishi niliukuta pale pale kwenye kamba, kidole kiko pembeni, kijani. Mitandio mingine yote ilikuwa imeshauzwa, pembe nimeshakata. Kidole hicho tu ndicho kilikuwa kimebaki. Na hariri isipopikwa kwa mvuke rangi haishiki, manyunyu tu yanaiondoa. Ukiipika vibaya, tone moja likaidondokea, imeharibika. Nikaogopa hata kuugusa. Ukakaa hapo wiki kadhaa, mpaka Mama akachoka kungoja.

"Kitambaa alichonitengenezea mtoto wangu kiko wapi? Ama unataka kunificha?"

Basi nikauzungushia magazeti, nikauviringisha, nikauweka kwenye sufuria kubwa juu ya mawe ili maji yasiufikie, na taulo chini ya kifuniko. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, lakini siku hiyo niliikagua taulo mara tatu kabla ya kuwasha moto. Nilikaa kwenye stuli nikiongea na sufuria kama mwendawazimu. "Usinifanyie hivyo, aki. Tafadhali."

Nilipousuuza, maji ya kwanza yalitoka kijani kibichi. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Maji yaliyofuata yakapungua rangi, mwishowe yakawa safi. Nikaitafuta ile pembe kwa vidole, macho nimefumba, maanake niliogopa kuangalia. Nilipoangalia, kidole kilikuwapo. Kimefifia kidogo, lakini mistari yake yote inaonekana.

Jumapili Mama akajitanda, pembe ile akaileta mbele, kifuani. Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu kile kidole. Tulipotoka kanisani, mama mmoja wa kikundi chao cha kanisa, mtu mzuri tu, akatoa leso na kuilowesha kwa ulimi.

"Ngoja nikupanguse, Mama. Umeshikwa na rangi hapa."

Mama akamdaka mkono kabla haujafika.

"Wacha," akasema. "Huyo ni mtoto wangu."

Yule mama akaikunja leso yake polepole, akaanza kulia kabla yetu.