Tuma Mbili na Majibu ya Watu Arobaini na Mmoja

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, alipokea kwenye simu yake majibu ya maabara ya watu arobaini na mmoja.

La kwake lilikuwa moja tu. Hayo mengine arobaini yalikuwa ya watu baki.

Akapanda ngazi mpaka ofisini kwetu, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Akasimama mlangoni na kutusomea.

"Hapa mnasema tezi dume yangu imevimba. Nimezaa mara nne. Naomba mmoja wenu anionyeshe hiyo tezi iko wapi."

Hakuna aliyecheka. Na mimi, wanaonijua watasema, hucheka hata msibani.

Siku hiyo sikucheka kwa sababu nilikuwa naisubiri. Nilijua itakuja. Hilo ndilo nimekuja kulitoa moyoni hapa.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la matairi. Tunatengeneza mfumo wa hospitali: maabara ikimaliza kupima, mfumo unamtumia mgonjwa majibu kwenye simu.

Tulikuwa watatu. Mimi na diploma yangu na miaka kumi na tisa ya kazi. Kiongozi wa timu, mwenye digrii mbili, ambaye kwa bahati mbaya ni mdogo wake mke wangu. Na katikati yetu binti wa kupima mfumo, tuliyempa jina la Posta.

Jina la Posta lilikuja hivi. Siku moja mezani kwangu, akila chakula changu, shemeji aliwaambia wageni kwamba mimi naandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kama mtu anayechimba kisima kwa kijiko. Nikamjibu kwamba yeye anaandika vizuri sana, tatizo anachoandika hakifanyi kazi.

Tangu siku hiyo, miezi minane, hatukusemeshana. Meza zetu zilikuwa zimeachana hatua tatu, lakini kila neno lilipitia kwa Posta.

"Mwambie Mzee Diploma afunge dirisha."

"Mwambie Profesa dirisha lina mkono upande wake pia."

Binti wa watu anageuza shingo huku, anageuza kule, kama feni.

Sasa, watu wasiosemeshana wakiandika programu moja, mambo huwa hivi. Shemeji aliandika fanksheni, kipande cha msimbo chenye kazi yake, ya kutuma kitu kimoja kwa mtu mmoja. Akaiita tuma. Mimi, bila habari, nikaandika ya kutuma orodha nzima, kila mtu na chake. Nikaiita tuma.

Jina moja, kazi mbili. Na zote mbili tulizifungua mikono: zipokee kitu cha aina yoyote.

Kompaila, ile programu inayokagua msimbo kabla haujaruhusiwa kufanya kazi, ilikuwa inajichagulia yenyewe kimyakimya. Kisha tukaweka toleo jipya la kompaila. Hilo halikuwa na mchezo. Likafika mstari wa mia mbili na kumi na mbili, likagoma.

Lilikuwa linauliza jambo la haki kabisa: hii orodha ni kundi la vitu, lakini orodha yenyewe pia ni kitu. Niite tuma ipi?

Dawa ilikuwa kubadili jina moja. Kazi ya dakika kumi.

Lakini libadilishwe la nani?

Nilimwambia Posta amwambie Profesa abadili la kwake. Jibu likarudi kwamba mwenye umri mkubwa ndiye aanze kuonyesha mfano. Nikasema naanza kustaafu kwanza.

Siku tatu zikapita. Mkurugenzi akapanda ngazi akihema, akatutazama mmoja mmoja.

"Ijumaa mfumo unatoka. Ukiharibika, aliyeuharibu anaondoka. Nimechoka kulipa vita."

Hapo ndipo chumba kilipobadilika. Kila mtu akawa anasubiri mwenzake ateleze.

Alhamisi asubuhi nikawasha kompyuta. Kompaila kimya. Hakuna kosa hata moja.

Nikafungua mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Mtu alikuwa amebandika lebo juu ya orodha: hiki ni kitu tu.

Kompaila husoma lebo. Haifungui boksi kuangalia ndani. Ukiiambia hiki ni kitu tu, itaita tuma ya kitu kimoja, na orodha yote itakwenda kwa mtu wa kwanza, kama ilivyo.

Niliona papo hapo. Nikajua ni kazi ya Profesa, kafunga mdomo wa mashine ili tarehe isimpite.

Nikanywa chai yangu. Nikanyamaza.

Ijumaa mfumo ukatoka. Mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa fundi cherehani.

Mkurugenzi alimkalisha yule mama kwenye kiti chake, akamwomba radhi, akatugeukia. Nani kaandika huo mstari?

Shemeji akaninyooshea kidole. Mimi tayari nilikuwa nimemnyooshea yeye.

"Ni mimi," akasema Posta.

Alisema bila kulia. Alikuwa ametuuliza wote wawili jina lipi libadilishwe, mara mbili kila mmoja, na kila mmoja kamtuma kwa mwenzake. Kompyuta ikampendekezea ile lebo, akaikubali. Akajaribu na mgonjwa mmoja, ikapita. Kwa mmoja lazima ingepita.

Mkurugenzi akavuta pumzi. Nikaona wazi binti anaondoka, na mimi nabaki na kiti changu. Nilichohitaji ni kukaa kimya dakika moja zaidi.

Sikuweza.

"Mimi niliuona Alhamisi," nikasema. "Nilidhani ni wa shemeji. Nikauacha umwangushe."

Yule mama akaacha kusoma simu.

Kisha shemeji akanitazama usoni. Mara ya kwanza ndani ya miezi minane.

"Hata mimi niliuona," akasema. "Nilidhani ni wako."

Mkurugenzi hakupaza sauti. Alisema aliahidi kumwondoa aliyeharibu, na sasa amemjua, ila ana vichwa viwili. Tukapigia simu watu arobaini, ishirini kila mmoja, kuomba radhi. Mmoja alinitukana kwa ustadi ambao ningelipia kuusikia tena. Kisha tukakabidhi funguo.

Posta akabaki. Kabla hatujafika mlangoni alikuwa ameshabadili majina yote mawili. Hakuuliza mtu.

Kwenye ngazi, kila mmoja na boksi lake, shemeji akasimama.

"Shemeji, dada tutamwambia nini?"

"Utamwambia wewe," nikasema. "Ni dada yako."

"Ni mke wako."

Tukashuka bila kuelewana.

Ndugu zangu, mashine isiyo na roho iligoma kuendelea mpaka ijue tunamaanisha nini. Sisi wenye roho tuliona kosa, tukapisha. Ukiona mwenzako anakosea na ukafurahi, usijiite shahidi. Na wewe umo kwenye huo mstari.