Jina Nililofungia Faili la Mama

Ukitaka kucheka, cheka sasa, umalize. Sikuwa usingizini, sikuwa na homa, na ilikuwa mchana kweupe, hapa Kibiti, dukani kwangu ninapochapa barua za watu.

Mama yangu alikuwa mwalimu kule Mbuchi. Maisha yangu yote alikataa kunitajia baba yangu. Alipozidiwa alikuja kwangu, akaomba kompyuta, akaandika mwenyewe siku mbili huku akikohoa. Akasema, "Lifunge faili hili, mwanangu. Usilisome mpaka arobaini yangu ipite. Humo yumo baba yako." Nikamwapia.

Nina programu ndogo ya kufungia maandishi. Ukitia nywila, faili linageuka vurugu za herufi, hakuna wa kulisoma. Sasa nitie nywila gani? Nikajiona mjanja. Kwetu mtoto akitoka jandoni anapewa jina jipya, na lile la utoto linaachwa hukohuko porini. Kumwita nalo mtu mzima ni tusi. Hata mke wangu langu halijui. Nikafungia hilo.

Mama akafariki. Arobaini tukamsomea hitima Mbuchi, kesho yake nikawahi dukani. Adhuhuri, watu wako msikitini, nawasha kompyuta. Mara nyuma yangu mtu akaniita. Kwa jina lile!

Nami, mjinga mkubwa, nikaitika, "Naam!"

Mwanamume wa umri wangu, sura yangu, hata kovu langu la kidevuni analo. Suruali imelowa tope la mikoko mpaka magotini, na Kibiti siku hiyo vumbi tupu. Nipige kelele, nani angenisikia?

"Wewe ulirudi na jina zuri, ukapigiwa vigelegele," akasema. "Mimi mkaniacha kulekule. Mama ni wangu pia, ndugu yangu."

Akanisogeza kando, akaandika. Faili likafunguka. Niliiona mistari ya mama, lakini macho yalinijaa machozi, niamini, sikusoma hata neno moja. Yeye alisoma mpaka mwisho, akalia kwa kwikwi. Kisha akalifunga upya kwa neno lake, akatoka. Tope alilobakiza sakafuni nililifuta mwenyewe.

Jina la utoto halifungui tena. Nimejaribu majina ya ukoo mzima, na ya vijiji, mpaka Ngarambe. Fundi akaniambia, "Kaka, bila nywila hapo hamna kitu." Nakala nyingine sikuweka, nilihofia isije ikaonekana. Najuta, jamani, najuta mpaka basi.

Wewe mwenye siri kwenye kompyuta, nywila mwachie mtu aliye hai. Na usifungie kitu kwa jina ulilolitupa, huenda lina mwenyewe.

Mimi siku hizi nikiitwa kwa jina langu nachelewa kuitika. Na kila mzee ninayempa shikamoo pale sokoni, akisema marahaba, namtazama pua, kama inafanana na yangu.