Vijidudu wa Mzee

Miaka ishirini na minane nilifanya kazi ya kuua vijidudu. Nilikuwa msafishaji katika hospitali moja mjini Kisumu, na kila asubuhi nilikoroga dawa kwenye ndoo, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiguswa na maji, nikapiga deki wodi mpaka harufu ikaniingia kwenye nywele. Nikirudi nyumbani jioni, mume wangu alijua nimefika kabla hajaniona. Siku niliyostaafu wenzangu walinikatia keki, wakanipa gambuti mpya za mpira na jerikeni nzima ya dawa ile. Wao walikuwa wanafanya mzaha. Mimi niliipokea kwa mikono miwili, nikaenda kuiweka chini ya kitanda.

Mume wangu, Mzee kama nilivyomwita, alikuwa fundi wa matrekta. Boma letu liko nje kidogo ya Kisumu, kwenye barabara ya kwenda Awasi, na matrekta na malori ya miwa ya upande wa Muhoroni yakiharibika yaliletwa uwanjani kwetu. Oili chafu aliimwaga nyuma ya gereji, miaka nenda miaka rudi. Kila fundi alifanya hivyo, nani angemkataza? Udongo ukawa mweusi ti, hata magugu yakakataa kuota, na mwishowe kisima chetu kikaanza kunuka dizeli. Ukichota maji unaona rangi rangi zinaelea juu. Tangu hapo nabeba maji kutoka kwa mfereji wa bomba wa jirani, mitungi minne kwa siku, na magoti yangu yanajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Mzee hakuwa mtu wa kuomba msamaha. Lakini presha ilipomtoa kazini, akawa anakaa kwenye kiti kutwa anaangalia ule udongo. Siku moja aliniona nikitua mtungi huku nimeshika kiuno, akasema, "Mama, hiki kisima nilikiua mimi."

"Achana na hayo," nikamwambia.

"Sitaki kufa nikuache na mtungi kichwani."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakurudia kulisema, lakini nilijua halikumtoka moyoni.

Binti wa dada yangu alikuwa anasomea mambo ya mazingira chuoni. Alipokuja kutusalimia, akazunguka nyuma ya gereji, akachokoa udongo kwa kijiti, akatuambia kuna vijidudu wanaokula mafuta. Wamo humo humo udongoni, alisema, ila ni wachache, hawana hewa na hawana chakula kingine. Tuchanganye ule udongo na samadi na makapi ya miwa, tuunyunyizie molasi kidogo, ule uji mtamu mweusi wa kiwanda cha sukari, tuuweke na unyevu, tuupindue kila wiki. Halafu tungoje, miezi si wiki. Udongo ukipona, mvua haitakuwa na mafuta ya kupeleka kisimani, na kisima nacho kitaanza kujisafisha polepole.

"Wanakula oili ya injini?" Mzee akauliza. "Na filta pia?"

"Filta hapana, Mzee. Meno yao madogo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake alianza na matuta mawili madogo ya majaribio, kila moja urefu wa kitanda, linafika magotini. Alipindua kwa koleo, akipumzika kila baada ya koleo tano. Binti alimfundisha kipimo cha kienyeji: chukua udongo wa tuta, tia kwenye kopo, panda maharagwe, uone kama yataota. Kopo la kwanza halikuota kitu. La pili pia. Mwezi wa tatu harage moja likainua kichwa, majani ya njano, likaishi siku nne likafa. Mzee alilibeba lile kopo akawaonyesha mpaka watu waliokuja kuuliza bei ya spea za matrekta.

Mimi sikuwapenda vijidudu wale, nasema ukweli. Maji yao ya kunyunyizia niliyabeba mimi. Mitungi minne ikawa sita. Matuta yalinuka samadi na molasi, nzi walijaa mpaka jikoni. Maisha yangu yote nimelipwa kumaliza uchafu, sasa uzeeni nabeba maji ya kuunywesha. Nilichoka, na uchovu ule ulinifanya mtu mbaya.

Basi ikafika zamu yangu ya kupokea akina mama wa kanisa. Huwa tunazunguka nyumba kwa nyumba, tunaomba, tunakunywa chai. Mzee aliondoka alfajiri kwenda Muhoroni kutafuta molasi, kwa sababu ile ya kwanza ilikwisha. Nilifagia uwanja, nikatandika vitambaa, na kila nilipoinuka harufu ilikuwa pale pale. Niliwaza wale wanawake wakiziba pua na leso zao. Wanajua nilikuwa msafishaji wa hospitali. Watasema nini?

Nikaenda chini ya kitanda. Nilivaa gambuti zangu, nikakoroga dawa nzito kuliko tulivyokuwa tunakoroga wodini, nikamwagia matuta ndoo baada ya ndoo mpaka jerikeni ikaisha. Nikapindua hata kwa koleo ili iingie ndani, kwa sababu kazi ya nusunusu siiwezi. Harufu ya samadi ilikatika. Akina mama walikuja, wakasifu boma langu lilivyo safi, na nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Mzee alirudi jioni amechoka hoi. Polisi walikuwa wamemsimamisha pale Awasi na mtungi wake wa molasi, wakadhani anakwenda kupika pombe ya chang'aa. Alijieleza karibu saa nzima kwamba ni chakula cha vijidudu, wakamcheka, mwishowe wakamwachilia. Hakukaa hata kunywa maji. Alienda moja kwa moja kwenye matuta akaanza kunyunyizia.

Nilisimama nyuma yake nikingoja aseme kitu. Ile harufu ya dawa ilikuwa imejaa pale. Lakini yeye aliizoea harufu ile kwangu miaka yote. Hakugeuka, alisema tu, "Mama, nenda ukapumzike, umesimama sana leo." Alidhani ananinusa mimi.

Ningesema wakati ule. Mdomo nilikuwa nao.

Makopo yaliyofuata hayakuota. Mzee aliongeza molasi, akaongeza samadi, akapindua mara mbili kwa wiki, tena mara tatu. Hakuna kitu. Binti alikuja, akainama, akanusa udongo, akauliza, "Kuna kitu kilimwagwa hapa?" Alimtazama Mzee, akanitazama mimi. Nikainama nikaanza kuokota makopo matupu.

"Ni mafuta yangu," Mzee akasema. "Yamewashinda. Niliyamwaga mengi mno."

Binti alimwambia asife moyo, vijidudu hurudi wakilishwa upya na kupewa muda. Lakini Mzee alikuwa amekwisha kujihukumu. Aliweka koleo ukutani na hakulishika tena. Mvua za masika zikaja, zikashusha mafuta kisimani kama kawaida, na kabla hazijaisha alilala usiku mmoja asiamke tena. Nilikuwa na miezi ya kumwambia, kila siku nikisema kesho, nikiwa na mtungi kichwani na yeye akiangalia chini ninapopita.

Baada ya matanga, watu walipotawanyika, nilichukua lile koleo. Binti alinielekeza kila kitu upya na hakuniuliza chochote. Nadhani alijua. Nilikusanya samadi, nikaagiza makapi, nikabeba mitungi sita. Jerikeni ya dawa nilikuwa nimeisuuza mara nyingi, sasa ndiyo ninayohifadhia molasi. Nilipindua kama yeye, koleo tano kisha napumzika. Kopo la kwanza halikuota. La pili pia. Sikuwa na haraka, wala sikuwa na nguvu za kuwa na haraka.

Wiki mbili hivi zilizopita maharagwe yaliota. Si yote, ila yaliota kijani, na siku ya nne hayakufa, na ya kumi pia.

Kaburi la Mzee liko mbele ya nyumba. Niliweka kopo pale kichwani pake, nikakaa chini kwa taabu, nikamwambia si mafuta yake yaliyowaua vijidudu. Nikamwambia siku ile ya akina mama wa kanisa, ndoo kwa ndoo, mpaka kuisha kwa jerikeni. Nikamwambia ile harufu aliyoisikia haikutoka kwangu, ilikuwa dawa ya kwenye matuta. Nilimwambia yote kwa sauti, hata jirani aliyekuwa anapita alisimama kidogo kisha akaendelea na safari yake.

Kisha nikajishika goti nikasimama, nikachukua mtungi, nikaenda kwa mfereji. Kisima bado kinanuka.