Kinga ya Jeki

Nywele za Jeki zilikuwa zimeanza kufunika masikio, na madereva waliokuja kuziba pancha wakawa wanamuuliza kama ameweka nadhiri. Alicheka nao, akainamia gurudumu. Mtu ambaye kaka wa mkewe ni kinyozi, tena kinyozi wa mtaa wa pili tu, hana sababu ya kufuga kichaka kichwani. Yeye sababu alikuwa nayo, ila haikuwa ya kusemwa mbele za watu.

Jina la Jeki alipewa na madereva hao hao. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye tabia ya kuinua vitu ambavyo wenye akili zao huvizunguka. Kazi yake ilikuwa matairi ya malori: kulilaza tairi chini, kupenyeza mtaimbo kati ya mpira na chuma, kutafuta mahali pagumu pa kuuegemeza, kisha kukandamiza mpaka mpira usalimu amri. Zamani, kabla hajaoa, mtaimbo ulimponyoka akiwa amesimama mguu huku, mguu kule. Uliruka ukampiga pale ambapo mwanaume hapendi kupigwa hata kwa mto. Alitoka hospitali akiwa na korodani moja, na mtaani akatangaza kwamba alilazwa kwa ngiri.

Mkewe peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Alimweleza kabla ya posa, huku akitazama viatu vyake, na yule binti akamwambia kwamba yeye anaolewa na mtu, hahesabu viungo. Wakaoana, wakapendana, mtoto hakuja. Walipochoka kusubiri walikwenda kwa daktari, naye akapima akasema kwamba iliyobaki inafanya kazi, ingawa kwa kujikongoja, na Jeki ailinde kama mboni ya jicho. Aliposikia kwamba mgonjwa wake jioni huenda kukabana na wanaume wenzake sakafuni, daktari alivua miwani. Akamwambia auache mchezo huo, au avae kinga ya plastiki ya kufunika kinena.

Kuuacha hakuweza. Ghala lile nyuma ya kiwanda cha mbao, lenye magodoro membamba yaliyonuka jasho na vumbi la msumeno, ndipo mahali pekee ambapo Jeki hakuwa fundi pancha wala mume asiye na mtoto. Walikuwa wakicheza mieleka ya chini, ile ya kukabana na kufungana viungo bila ngumi wala teke. Ukishikwa pabaya, unagonga kwa kiganja, mwenzako anakuachia, mnaanza upya. Mchezo mzima unasimama juu ya kile kiganja.

Shida ilikuwa kinga yenyewe. Mwalimu wao, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa na goti moja zima, aliipiga marufuku kinga yoyote ya plastiki ngumu. Alisema inamuumiza mwenzako mbavu ukimkalia, na mkono wake ukiwa kati ya mapaja yako ndiyo balaa kabisa. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kuanza aliwapanga mstari akapita na kipande cha fimbo, akimgonga kila mmoja chini ya mkanda. Kitendo hicho walikiita kupigiwa hodi. Ukilia ko, unakwenda kuivua huku wenzako wakikuuliza kama mwenye nyumba yupo. Utani huo ulikuwa wa kila siku, na kila siku walicheka upya. Wanaume wakikusanyika hawahitaji kichekesho kipya.

Jeki angeweza kumvuta mwalimu pembeni akamweleza. Mzee yule alikuwa ameona watu wakikatwa miguu. Korodani moja isingemshtua. Lakini Jeki aliisikia ile hodi masikioni, akayasikia maswali ya mwenye nyumba, akaona ni heri kufa. Akamwomba mkewe ashone mfuko wa kuishikilia kinga ndani ya kaptula ya mazoezi. Alipigiwa hodi kama wengine, laini, na walipopumzika kunywa maji baada ya kupasha mwili moto, yeye aliingia chooni alikokuwa ameificha kinga, akatoka ameivaa. Mwalimu hakupiga hodi mara mbili. Aliwaamini.

Mwenzake wa kukabana naye alikuwa huyo kinyozi, shemeji yake, ndiye aliyempeleka pale mara ya kwanza. Mwepesi wa vidole, mbishi wa roho. Sifa yake kubwa ilikuwa kuchelewa kugonga. Jeki alipompata mkono akaufunga kama kufuli kati ya mapaja, kinyozi alicheka, akavuta pumzi, akatafuta njia ya kuchomoka, akagonga dakika ya mwisho kabisa. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameshikwa na Jeki mara nyingi kiasi kwamba aliujua mwili wa Jeki kama anavyokijua kiti chake cha kunyolea, akajua nyama ya kinena chake itabonyea kiasi gani kabla kiwiko hakijaanza kulia.

Tangu aanze kuvaa kinga, Jeki aliliepuka lile kufuli la mkono. Alimkalia mwenzake kifuani, akamlemea kwa uzito, akaishia hapo. Wiki chache zikapita salama. Kisha jioni moja shemeji yake akaanza kumchokoza mbele ya wote, kwamba amezeeka, kwamba siku hizi anakumbatia watu kama shangazi. Jeki akapandwa na mori. Mikono ikafanya ilichozoea: akajitupa chali, mkono wa kuume wa kinyozi ukiwa kati ya mapaja yake, kiwiko juu ya kinena, kifundo cha mkono kifuani, na kiuno kikapanda.

Kinyozi alikuwa bado anacheka. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa hewani, hakijashuka, pale kiwiko kilipotoa sauti.

Maishani mwake mwote Jeki alikuwa akitafuta mahali pagumu pa kuegemeza mtaimbo. Ndiye mtu wa mwisho katika ghala lile aliyestahili kushangaa. Kabla shemeji yake hajapiga kelele, alikwisha jua mkono ule ulikuwa umeegemea nini.

Walimfunga mkono kwa ubao, wakampeleka hospitali. Katika vurugu ile hakuna aliyemwangalia Jeki, na kinga aliivulia chooni. Mfupa uliungwa, ila kiwiko hakikunyooka tena, na vidole viwili vya mwisho vikabaki na ganzi. Kinyozi asiyeuhisi mkasi huyo si kinyozi. Duka likafungwa, Jeki asiende kunyolewa kwingine, na mke wa kinyozi akaanza kufulia watu nguo.

Kilichommaliza Jeki ni kwamba hakulaumiwa. Shemeji yake, akiwa kitandani, alimwambia kila aliyekuja kumpa pole kwamba ni ubishi wake mwenyewe, alichelewa kugonga. Mwalimu akalifanya jambo hilo kuwa somo. Aliwaketisha magodoroni akawaambia wamwone mwenzao, kiburi kimempeleka wapi, na wote wakatikisa vichwa, Jeki akiwemo. Alitikisa kichwa. Hilo hakujisamehe hata kidogo, na sidhani kama alipaswa kujisamehe.

Mkewe aliyaweka mambo hayo moyoni mpaka siku aliyorudi kutoka kwa kaka yake, ambako alikuwa amemsaidia kufunga vifungo vya shati. Aliichukua ile kaptula kwenye kamba, akauingiza mkono kwenye mfuko alioushona mwenyewe.

"Siku ile ulikuwa umeivaa?"

Jeki akasema alikuwa ameivaa.

"Kamwambie."

"Nikimwambia ataniuliza kwa nini nilivaa."

"Basi mwambie na hilo. Mkono wa kaka yangu umepinda, wewe bado unaona haya?"

Jeki alimkuta shemeji yake katika duka lake lililofungwa. Mlango ulikuwa nusu wazi, kinyozi anafagia kwa mkono wa kushoto nywele ambazo hazikuwepo. Alifurahi. Alimtazama Jeki kichwani akasema hiyo ni aibu kwa ukoo mzima, akamsukuma kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni kwa mkono mmoja na meno. Alitaka kujaribu kwa kushoto. Alikuwa anajifunza, akasema, na kichwa cha shemeji hakina kesi.

Mashine ikawaka. Ilitetemeka, ikapita juu ya sikio, ikaacha ngazi. Jeki alimwona kwenye kioo akiuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika, jasho likimtoka, na akashindwa kungoja zaidi. Alisema yote akiwa amekitazama kioo. Alisema kuhusu kinga, mfuko, na choo. Akasema kuhusu mtaimbo, na ngiri ambayo haikuwa ngiri, na daktari, na mtoto. Mashine ilikuwa inanguruma hewani muda wote huo.

Kinyozi akaizima. Jeki alingoja kicheko, kisha akangoja matusi. Angepokea chochote.

"Hilo tu?" kinyozi akasema. "Ndilo ulilonificha?"

"Niliogopa mtanicheka."

"Tungekucheka. Wiki moja, mbili. Tungechoka." Aliutazama mkono wake wa kuume uliokuwa umelala tumboni, vidole vimekunjamana. "Ungeniambia, shemeji, ningekuwa nagonga mapema."

Aliinyanyua mashine tena, akaiweka nyuma ya shingo ya Jeki, kisha akaiondoa bila kuiwasha. Akaiweka mezani. Alikifungua kitambaa, akakikung'uta polepole, akamwambia Jeki aende nyumbani, upande uliobaki atamaliziwa na mkewe.

Jeki alipita mtaani kichwa kimenyolewa nusu. Madereva walimwona kwa mbali wakaanza kucheka, mmoja akamwuliza kwa sauti nani kamfanyia vile. Safari hii alisimama, akaanza kuwaeleza, tangu siku ile ya mtaimbo.