Kadi za Neno Maziwa

Asubuhi moja niliharibu kazi ya miaka mingi ya mzee mmoja, na niliiharibu kwa kuipanga vizuri.

Ilikuwa ughaibuni kwa Waingereza, mtaa wa Thamesmead, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mtunza wazee majumbani. Yeye, Mpolandi aliyewahi kufundisha lugha za kale, alibakiwa na siku sita kabla ya kuhamishiwa makao ya wazee. Kiharusi kilimwachia maneno machache.

Kwenye meza ya kulia alitandaza kadi, zote za neno moja, maziwa. Katikati ilikaa *melko. Kinyota kile, alinieleza kwa taabu, maana yake hakuna aliyewahi kuliona neno hilo limeandikwa. Limekisiwa kutokana na wanawe. Wanawe walikuwa pembeni: moloko la Warusi, mleko la Wapolandi, mlyako la Wabulgaria. Alichotafuta ni kama mama yao alizaliwa kwa Waslavi wenyewe, mababu wa watu hao wote, au aliazimwa kwa Wajerumani wa kale.

Siku hiyo alisinzia kitini, nami nilitaka pa kuweka uji wake. Nikazikusanya kadi, za Kirusi pamoja, za Kipolandi pamoja, nikazifunga kwa mpira. Sikujua kwamba jibu alishalipata, wala kwamba hakuliandika popote. Lilikuwa pale mezani, katika jinsi kadi moja ilivyoegemea nyingine.

Alipoamka hakupiga kelele. Alifungua furushi moja, akaweka kadi mbili, akaziondoa, akazirudisha. 

"Ipi ilitangulia?" aliniuliza.

Nikamwambia sikutazama.

Mwenzangu wa kazi, mama wa Mombasa, nilipomsimulia alicheka. "Shoga, umempangia mzee maneno yake kama bizari dukani." Kisha akaniona uso, akanisogezea kiti.

Siku zilizofuata nilikwenda kabla ya shifti yangu. Nilimshikia kadi moja moja, nikiijaribisha hapa na pale mezani. Aliitikia kwa kichwa, halafu akakataa. Siku ya sita gari lilikuja. Nilipomfunga vifungo vya koti nilimuuliza: neno lilitoka kwa Wajerumani, au kwa Waslavi?

"Nilikuwa najua," alisema.

Miaka kadhaa baadaye, maktabani, nilifungua kamusi ya asili ya maneno. Wataalamu wengine wanasema neno liliazimwa, wengine wanakataa. Hawajakubaliana.